Kipupwe nyanda za juu: jinsi ya kupita miezi ya baridi ukiwa mzima na mchangamfu

Ikifika Juni, wakazi wa Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya na Rungwe hawahitaji kutangaziwa kwamba kipupwe kimeingia. Asubuhi ukungu unafunika mashamba ya chai na viazi, manyunyu yanashuka bila haraka, na baada ya usiku usio na mawingu majani yanaweza kuamka na barafu nyembamba juu yake. Hali kama hiyo wanaijua wenzao wa Lushoto na Rombo, na ng'ambo ya mpaka, watu wa Limuru, Nyeri na Nyandarua nchini Kenya.

Baridi hii si ya kudumu. Kwa kawaida huanza kulegea kuelekea mwisho wa Agosti. Hata hivyo, katika miezi hiyo michache watu huugua na wengine hufa, na mara nyingi kinachowadhuru si baridi yenyewe bali namna wanavyoikimbia. Wanafunga madirisha yote, wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanakaa kwenye moshi, wanakunywa pombe ili wapate joto, au wanajikunyata peke yao hadi moyo unazama.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuupasha mwili joto bila kuziba hewa, dalili gani za hatari usizipuuze, na namna ya kulinda uchangamfu wa moyo mpaka jua lirudi.

Kwa nini baridi inakuja Juni?

Dunia imeinama kidogo inapolizunguka jua. Mwezi Juni upande wa kaskazini ndio unaoelekea jua, kwa hiyo Ulaya wana kiangazi cha joto, na sisi tulio kusini ya ikweta tunapata miale iliyolala zaidi. Wakati huohuo upepo wa kusi unavuma kutoka baharini. Unapopanda milima unapoa, na unyevu wake unageuka ukungu na manyunyu.

Jambo la pili ni mwinuko. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko juu zaidi, karibu mita 2,600. Ndiyo maana siku ambayo Dar es Salaam watu wanatembea na shati jepesi, Makete wanatembea na koti na kofia.

Mchana nao unapungua, ingawa si sana. Njombe mwezi Juni jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi, na mchana wote ni mfupi kwa zaidi kidogo ya saa moja ukilinganisha na Desemba. Ukiongeza ukungu, siku nyingine huonekana kama haijapambazuka kabisa.

Je, baridi inaleta mafua?

Mafua husababishwa na virusi, na virusi hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Kunyeshewa na manyunyu peke yake hakutengenezi virusi. Lakini wakati wa baridi tunakaa watu wengi ndani, milango na madirisha vimefungwa, hewa ni ileile kwa saa nyingi. Akikohoa mmoja, nyumba nzima inavuta. Isitoshe, maji yakiwa ya baridi watu huacha kunawa mikono.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni nyepesi. Fungua dirisha na mlango kila siku, hata kwa nusu saa ya mchana wakati jua linapochungulia. Nawa mikono kwa sabuni. Kama maji yanauma, changanya na ya moto kidogo. Kohoa kwenye kiwiko au kitambaa. Mwenye mafua asimbusu mtoto mchanga wala kulala naye uso kwa uso ikiwezekana.

Dawa za antibayotiki haziponyi mafua, kwa sababu haziui virusi. Mafua ya kawaida yanahitaji kupumzika, kunywa maji na vinywaji vya moto, na muda. Asali kidogo husaidia kutuliza kikohozi cha mtoto aliyezidi mwaka 1. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 usimpe asali kabisa. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda.

Jiko la mkaa chumbani: hatari isiyo na harufu

Hili ndilo jambo tunaloomba kila msikilizaji amweleze mwenzake. Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba, hata kama mkaa umekuwa mwekundu na hautoi moshi tena.

Mkaa unapowaka mahali ambapo hewa ni kidogo, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni, nayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mwili unakosa oksijeni huku mtu anapumua kama kawaida. Aliyelala hahisi kitu. Usingizi unazidi kuwa mzito tu.

Watu wengi hudanganyika kwa sababu wanaogopa moshi, na moshi ukiisha wanadhani hatari imekwisha. Jiko lililotulia, lenye makaa mekundu, ndilo linaloingizwa chumbani usiku, na ndilo linaloua. Wengine hudhani kuweka sufuria ya maji juu ya jiko kunaondoa sumu. Hakuondoi.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Mkiwa wawili au watatu ndani ya nyumba moja na nyote mnaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, msidhani ni malaria. Zimeni jiko au litoeni nje, fungueni nyumba.

Ukimkuta mtu hajitambui ndani ya chumba chenye jiko:

- Fungua mlango na madirisha kwanza, na usikae ndani. Ukianguka na wewe, mtakuwa wagonjwa wawili.
- Mtoe nje kwenye hewa safi haraka, huku ukiita watu.
- Kama anapumua lakini hajitambui, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi.
- Mfikishe hospitali hata akizinduka. Anahitaji kupewa oksijeni.
- Usimnyweshe maziwa. Sumu hii imeingia kwa mapafu na iko kwenye damu, haiko tumboni, na asiyejitambua anaweza kupaliwa.

Ukitaka kupasha chumba joto, fanya hivyo jioni mlango ukiwa wazi na watu wakiwa macho, kisha litoe jiko nje kabla mtu yeyote hajalala. Usiku tumia njia nyingine: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kizibo vizuri na kuviringishwa kwenye kanga, blanketi la ziada, soksi na kofia. Mkeka au matandiko ya ziada chini ya godoro husaidia sana, kwa sababu joto jingi hupotelea sakafuni. Ziba nyufa zinazopitisha upepo usawa wa kitanda, lakini acha tundu la juu la kupitishia hewa.

Moshi wa jikoni

Hata moshi unaouona si wa kudharau. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba, inayotokana na kupikia kwa kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wanaoivuta zaidi ni mama anayepika na mtoto aliye mgongoni mwake.

Msimu wa baridi jiko la kuni huwa ndipo mahali pa familia kuota moto, na ni vigumu kumwambia mtu aache. Lakini madhara yanaweza kupunguzwa. Tumia kuni zilizokauka vizuri. Zianikwe na kufunikwa kabla ya Juni, maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Fungua tundu la moshi juu ya ukuta au toa bomba nje. Funika sufuria ili chakula kiive haraka. Mtoto mchanga akae na mtu mwingine mbali na moshi wakati wa kupika. Na watoto wanaotambaa wawekewe mpaka. Msimu wa kuota moto ndio msimu wa kuungua.

Mtoto anayekohoa: tumia simu yako kuhesabu pumzi

Nimonia, ambayo wengi huiita kichomi, ni ugonjwa wa mapafu unaoua watoto wengi. Mwaka 2019 uliua zaidi ya watoto 700,000 walio chini ya miaka 5 duniani. Mara nyingi huanza kama mafua ya kawaida, na kinachowaokoa watoto ni mzazi kuutambua mapema.

Mtu yeyote mwenye simu anaweza kufanya kipimo hiki. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Pandisha nguo uone kifua na tumbo. Weka simu ihesabu dakika 1 kamili, nawe hesabu kila kifua kinapopanda. Pumzi ni za haraka mno kama ni:

- 60 au zaidi kwa dakika, kwa mtoto aliye chini ya miezi 2
- 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11
- 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5

Ukipata idadi hiyo, rudia kuhesabu. Ikibaki vilevile na mtoto anakohoa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri asubuhi ya pili kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea na haamki vizuri, amepata degedege, au midomo imekuwa ya bluu. Hizo ni dalili za hatari, na ni za kuondoka nazo usiku huohuo.

Nimonia inayosababishwa na bakteria hutibika kwa dawa. Mtoto akipewa vidonge, amalize dozi yote hata kama amepata nafuu siku ya pili. Kupaka mafuta kifuani kunaweza kumtuliza, lakini hakutibu mapafu.

Chanjo nazo ni kinga kubwa. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 mtoto hupata chanjo zinazomkinga na vijidudu vikuu vinavyoleta nimonia. Baridi isiwe sababu ya kuruka tarehe ya kliniki. Mfunike vizuri, nendeni.

Wanaohitaji uangalizi zaidi

Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima. Asiogeshwe katika saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa. Akaushwe, avikwe kofia na soksi. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo hupata joto zuri zaidi akiwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wote wawili wakiwa wamefunikwa. Baba au bibi pia anaweza kumshika hivyo mama anapopumzika. Nchini Tanzania, mama mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga akipata dharura, piga 115 bila malipo kuomba usafiri.

Wazee miili yao haitengenezi joto kama zamani, na wengine hawasemi kwamba wanasikia baridi. Ukimtembelea babu au bibi, mshike mikono na miguu. Ukimkuta ni wa baridi sana, anaongea kwa kujikanyaga, anasinzia au amechanganyikiwa, mwondoe nguo zenye unyevu, mfunike, mpe kinywaji cha moto kama anaweza kumeza, na umpeleke kituo cha afya.

Wenye shinikizo la damu wajue kwamba baridi hubana mishipa ya damu, na presha inaweza kupanda. Huu si msimu wa kuacha dawa. Wenye selimundu wajikinge zaidi, maana baridi na kukosa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu makali. Wenye pumu wakae mbali na moshi na wawe na dawa yao karibu.

Kuhusu pombe: mnywaji huhisi joto kwa sababu damu inakimbilia kwenye ngozi, lakini hapo ndipo mwili unapopoteza joto lake. Aliyelewa akianguka njiani usiku wa Julai yuko hatarini kuliko aliye macho. Mwenzenu akilewa, msimwache arudi peke yake.

Kula na kunywa

Habari njema ni kwamba kipupwe cha nyanda za juu huja wakati wa mavuno. Mahindi na maharage yapo, viazi vipo, maparachichi yapo. Mwili unaotafuta joto unahitaji chakula cha kutosha, si lazima kiwe cha ghali.

Asubuhi, uji wa ulezi au wa mahindi wenye karanga unashinda chai tupu. Mchana au jioni, makande, au ugali na maharage na mboga za majani: figiri, mchicha, majani ya maboga. Parachichi lina mafuta mazuri, na nusu yake kwa mtoto ni nyongeza kubwa. Mapera, machungwa na malimao hutoa vitamini C. Usiuze mazao yote ukabaki na ugali na chumvi.

Maji husahaulika sana msimu huu kwa kuwa kiu haisikiki. Kunywa maji yaliyochemshwa yakiwa vuguvugu, au ya tangawizi na limao. Chai ni nzuri, ila usiinywe pamoja na chakula. Huzuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mboga. Acha ipite saa moja.

Moyo nao unahitaji joto

Mbali huko kaskazini, ambako wapo ndugu zetu wengi, miezi ya baridi ni Desemba hadi Februari, na giza lake ni zito. London mwezi Desemba mchana haufiki saa 8. Stockholm ni kama saa 6. Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza aina ya sonona inayowajia watu kila majira ya giza na kuondoka mwanga unaporudi. Mwanga unaoingia machoni asubuhi ndio unaopanga saa ya mwili. Ukipungua, usingizi, hamu ya chakula na furaha vinaweza kuvurugika. Basi mwanao akikupigia Desemba kutoka huko akiwa mnyonge, usimwambie tu kwamba amedeka. Mwambie atoke nje mchana, na mtumie ujumbe wa sauti wenye kelele za nyumbani.

Kwetu giza haliwi kubwa kiasi hicho. Lakini siku 5 mfululizo za ukungu, kazi za shamba zimepungua, maumivu ya viungo yamezidi na kila mtu yuko ndani kwake, zinatosha kumfanya mtu ajisikie mzito. Zipo njia zinazosaidia.

Toka nje asubuhi hata kama kuna mawingu. Mwanga wa nje siku ya mawingu ni mkubwa mara nyingi kuliko wa ndani ya nyumba. Tembea hadi kisimani, kwa jirani, au zunguka shamba; mwili unaotembea hutengeneza joto lake, na akili huchangamka. Amka na ulale saa zilezile. Usishinde kitandani kwa sababu tu kuna baridi.

Tafuta watu. Kikundi cha kuweka na kukopa, kwaya, kazi ya kupukuchua mahindi kwa zamu, au kukaa uani na kusikiliza redio pamoja: vyote hivi ni dawa. Mjane au mzee anayeishi peke yake apangiwe mtu wa kumpitia kila siku, hata kama ni mtoto anayepita kwenda shule. Asiyefikika kwa miguu, mpigie. Dakika 3 za simu zinamwambia mtu kwamba hajasahauliwa.

Huzuni ikidumu zaidi ya wiki 2, mtu akapoteza hamu ya kazi, chakula na mazungumzo, halali au analala mno, au anasema heri angekufa, hiyo si baridi tena. Sonona ni ugonjwa na ina matibabu. Msikilize bila kumkemea, usimwache peke yake, hifadhi dawa za shambani mahali asipofika, na mpeleke kituo cha afya. Kwa ushauri wa afya nchini Tanzania, unaweza kupiga 199 bila malipo.

Kwa kifupi

- Jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hata likiwa halina moshi.
- Fungua dirisha kila siku na acha tundu la hewa usiku.
- Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika 1.
- Kula vya kutosha, kunywa maji, usiache dawa zako.
- Toka kwenye mwanga kila asubuhi, na kila siku mjulie hali mtu mmoja.

Kama una jirani asiye na simu au asiyesoma, msomee sehemu ya jiko la mkaa leo jioni, kabla hajafunga mlango.